Tumbo la Dhamana

Wanangu mliobaki kazini, siku ya kuniaga mmoja wenu alisimama akasema, "Mama Faraja, usiondoke bila kutuachia busara." Busara sina. Nina kamba moja ya katani, mto mmoja wa sufi na goti bovu, na vyote vitatu nimevipata kazini. Vyeo sitavitaja, maana sijaona cheo kilichomponya mtu. Mshahara mnaujua, mnaula huo huo. Nitawaandikia habari za matumbo.

Nilianza uuguzi katika zahanati ya Mnyambe, miaka ile sukari ilipokuwa ya foleni na sabuni ya kujuana. Siku ya kwanza nilifika na viatu vyeupe pee. Mama Benedikta, muuguzi mkongwe aliyeiendesha zahanati ile, alivitazama viatu, akanitazama mimi, akauliza, "Umekuja kazini au umekuja kuchumbiwa?" Kufika saa sita viatu vilikuwa vyekundu kwa vumbi, na havikupata kuwa vyeupe tena, maskini, mpaka vikachanika.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kupima watoto wadogo. Tuliwatundika kwenye mizani iliyofungwa darini, tumewavalisha kikaptula cha turubai, wanalia huku wanatukojolea. Adui yetu alikuwa mmoja tu, naye ni wembamba. Akitokea mtoto mwenye mashavu tulimpigia makofi. Walikuwepo akina mama waliogoma kabisa, wakasema kinachotundikwa ni nyama ya mbuzi buchani, si mtoto wa mtu. Mama Benedikta hakubishana nao. Alitundika mkoba wake, akasoma uzito kwa sauti, akautelemsha na kuufungua. "Haya, tazameni, vitu vyangu vyote vimo." Wakacheka, na watoto wakapimwa.

Mashine ya presha nayo aliivaa yeye kwanza, kila asubuhi, mbele ya wagonjwa. Aliniambia maneno mawili ambayo chuoni hawakunifundisha. La kwanza, kipimo chochote jipime wewe kwanza, watu wakuone. La pili, ugonjwa wa mtoto una mwenyewe, na mwenyewe ni baba yake, kwa hiyo usiuguse bila kumpigia hodi. Nilidhani ni maneno ya uzee tu. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na kila aliyenizidi umri nilimwona mzee.

Baadaye nikahamishiwa hospitali ya Newala, nikapewa afya ya shule. Nilipewa na baiskeli, ambayo breki zake zilikuwa miguu yangu. Na ndipo ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Nyinyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamjui. Tulilala kuna chumvi tu dukani, tukaamka kuna soda kwa kreti, mafuta ya kupikia kwa madumu, biskuti za kila rangi, na pale stendi kijana anakaanga chipsi mayai. Watu walikula kama wanaolipiza kisasi, na siwalaumu, hata mimi nililipiza. Na korosho, ambazo zamani zilikuwa na mnunuzi mmoja tu, sasa kila mwenye mizani na lori alikuwa mnunuzi.

Katika miaka hiyo nikaitwa semina Mtwara. Daktari mmoja mgeni alitueleza jambo ambalo wengi wetu tulilipokea kwa kusinzia, maana tulikuwa tumetoka kula wali. Alisema mafuta yanayokaa kiunoni na tumboni si sawa na ya mapajani. Ya tumboni yanazingira viungo vya ndani, yanapandisha presha, yanaharibu mishipa, na mwisho wake moyo unaelemewa. Akasema tusingoje utu uzima, jambo hili linaanza kimya kimya kwa vijana wa shule. Hapo nikaamka. Bwana afya wa kwetu akanong'ona, "Vijana gani hao wenye vitambi? Labda wa Ulaya." Alinong'ona huku amefungua kifungo cha suruali, apumue.

Nilichokipenda ni kipimo chenyewe. Unakata kamba yenye urefu wa mtoto, toka wayo hadi utosi. Unaikunja katikati, halafu unaizungusha kiunoni, usawa wa kitovu. Ncha zikikutana, mshukuru Mungu. Zisipokutana, mpime presha na umfuatilie. Nakwambieni, sijapata kifaa kilichonifaa kama kile. Hakitaki betri wala vipuri, na hakuna wa kukiazima asikirudishe.

Mwanzoni lakini nilijifanya mtaalamu, nikatumia futi ya fundi cherehani. Nilipima viuno vya darasa zima katika shule moja ya sekondari, na kesho yake wazazi walikuwa wamejaa kwa mwalimu mkuu wakiulizia suruali. Mtu anapimwa kiuno kwa futi, atapewa nini kama si suruali? Mzee mmoja alileta na maelekezo kabisa, mwanawe ashonewe yenye mifuko ya nyuma. Nilirudi kwenye kamba siku hiyo hiyo.

Ni kamba hiyo iliyonikutanisha na Saidi.

Saidi alikuwa kidato cha pili, na tumbo lake lilikuwa limeshamaliza shule. Lilitangulia mlangoni, mwenyewe akafuata. Wasemavyo, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Saidi cha mvunguni alikuwa amekisamehe siku nyingi. Wenzake wakikimbia mchakamchaka alfajiri, yeye alikaa kwenye ngazi akiwashikia masweta. Kwenye mpira walimweka golini, si kwa udakaji, bali kwa kuziba.

Nilipomaliza darasa lake alibaki nyuma, akangoja wenzake watoke.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Una nini?"

"Mama, moyo wangu nikilala unagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa." Akatazama chini, ingawa kwa hali yake chini asingeona kitu. "Na mimi nataka kucheza winga."

Nikamfunga mashine ya presha. Nilipima mara mbili, kisha nikajipima mwenyewe nikidhani mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima. Presha ile ningeikuta kwa mzee wa miaka sitini ningesikitika, na huyu hata ndevu hajaota. Nilimpeleka kwa daktari wetu, akampima mkojo na damu, akatafuta ugonjwa mwingine wa kuusingizia, akaukosa. "Ni tumbo," akasema. "Likipungua, presha itashuka. Lisipopungua, mtoto huyu moyo utamshinda kabla hajaoa." Niliingiwa na hofu, sifichi. Nilikuwa nimezoea kuwapigania watoto wanaokufa kwa kukosa chakula, na sasa nilikuwa na mmoja anayeuawa na sahani.

Basi nikakumbuka la Mama Benedikta, nikaenda kumpigia hodi baba yake.

Baba Saidi alikuwa Myao wa Masasi aliyepandisha huku juu kununua korosho. Mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka mto. Mimi Mmakonde, kwa hiyo tulitaniana kabla hata ya kusalimiana. Nilimkuta barazani kwa duka lake, mizani kubwa mbele, magunia nyuma, na kando ya mizani, kwenye kiti cha mikono, ameketi Saidi na soda yake. Nikadhani anapumzika tu. Kumbe yuko kazini.

Maana, wanangu, msimu uliotangulia walipita wanunuzi wageni, wakapakia korosho za watu, wakasema wanafuata fedha, mpaka leo wanazifuata. Wakulima wa Chilangala na vijiji vya jirani wakaingiwa na hofu, wakatafuta alama ya kumjua mnunuzi wa kweli. Alama waliyoipata ni Saidi. Bibi Namkuna, mkulima mmoja mkavu kama ufito, ulimi wake ndio uliokuwa na nyama, alinieleza bila kutania. "Mwenye mtoto kama huyu, nesi, hakimbii. Akimwacha, tutamkamata mtoto. Akimchukua, watafika wapi?" Ndiyo sababu kila jioni Saidi alitoka shule akaketi pale, akalishwa mpaka giza liingie, awe dhamana. Baba yake alimwongezea sahani kadiri msimu ulivyochanganya.

Nikatoa kamba. Baba Saidi alipoona naiegemeza kwa mwanawe toka wayo hadi utosi, kicheko kilimkauka.

"We Mmakonde! Hiyo kamba ya nini? Kwetu kamba ya urefu wa mtu wanaishika wachimba kaburi."

Wakulima wakasogea nyuma. Kweli, ndivyo tunavyopima kaburi, na mimi katika furaha ya semina sikukumbuka. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikakata kamba yangu mwenyewe, mkewe, Mama Saidi, akaishika utosini, nikaikunja, nikajizungushia kiunoni mbele ya wakulima wote. Siku zile nilikuwa na kiuno. Ncha zilipishana, nikabaki na kipande cha kufungia kuku.

"Haya," nikasema, "nimechimba langu kwanza."

Wakaangua kicheko, na Baba Saidi naye. Akaruhusu. Nikamzungushia Saidi ya kwake. Nilivuta huku, nikavuta kule, ncha zikasimama mbali zikiangaliana, katikati yake inapita sahani.

"Kamba yako fupi hiyo," akasema Baba Saidi. "Lete nyingine."

"Kamba ni urefu wa mwanao mwenyewe, Baba Saidi."

"Basi mwanangu mfupi. Atarefuka." Akanigeukia kwa huruma kabisa. "Nesi, wewe umesomea utapiamlo. Leo umekutana na lishe, huijui. Nimekulia Masasi nikila mihogo mikavu na chumvi, tena kwa zamu. Nikaapa mwanangu hatalala njaa. Sasa unataka kuniambia mwanangu anaumwa shibe?"

Ningefanyaje? Nilimwonea huruma, kwani alisema kweli, na mimi mwenyewe nilikulia mihogo hiyo hiyo. Nikamwambia kwa lugha ya kazi yake. "Baiskeli yako ukiibebesha magunia manne kila siku, itakwenda?" Akasema itakwenda, lakini itakatika fremu. "Basi moyo wa Saidi ni baiskeli ya mtu mmoja, na wewe unaongeza gunia kila jioni." Kisha akaita soda nyingine, akanipa mimi.

Aliyenielewa alikuwa Mama Saidi, mwanamke mpole aliyesikia kila kitu huku akijifanya anapepeta mchele. Alinisindikiza hadi njiani. "Niambie cha kufanya," akasema, "kisha yeye niachie mimi." Nikamwambia. Soda ikome, chipsi zikome, mafuta yapungue. Arudi kwenye ugali wetu wa muhogo, kwa kiasi, na kisamvu na mbaazi. Na atembee. Hapo Mama Saidi akacheka. "Atembee aende wapi, mama, wakati hata choo analalamika kiko mbali?"

Nikamwonyesha bondeni.

Newala, kama mnavyojua, Mungu alitupa upepo na mandhari, maji akayaweka chini kule. Mabomba ya enzi zile yalikuwa mapambo. Watu walitelemka mteremko kwenda chemchemini, wakapanda nao, dumu kichwani au mawili kwenye baiskeli. Nyumba ya Baba Saidi ilinunua maji mlangoni. Tukakubaliana kwamba kuanzia siku ile Saidi atayafuata mwenyewe, kabla ya shule.

Siku ya kwanza alipanda bila maji, kwa sababu mwenyewe alikuwa mzigo tosha. Akina mama wa chemchemini walimwita Dumu la Tatu. Siku nyingine alikaa kwenye jiwe katikati ya mlima, akakataa kwenda juu wala chini, na Bibi Namkuna, mwenye ndoo kichwani, akampita mara mbili akimtakia heri. Lakini yule mtoto alitaka kucheza winga, jamani. Alirudi. Mwezi ukaisha, akapanda na dumu moja. Nikawa nampima kila wiki, najipima mimi kwanza kama kawaida, na ncha za kamba yake zikaanza kusogeleana kama watu waliogombana. Presha ikashuka taratibu. Siku alipofunga kamba ya kiatu mwenyewe aliniita niende kutazama. Nilikwenda, na nilishangilia kama mwendawazimu.

Shida ikaanzia mizanini.

Wakulima waliona dhamana inayeyuka. Tetesi zikapanda na kushuka mteremko pamoja na madumu. Baba Saidi amefilisika. Mtoto anafuata maji, si unaona? Mali ikipungua, tumbo ndilo la kwanza kutoa habari. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mnunuzi mwingine, mjanja, akapeleka lori Masasi kumleta shemeji yake, mama mmoja mpana wa kupendeza, akamweka kando ya mizani yake na feni ya ukili. Magunia yakavuka barabara.

Baba Saidi alinijia hospitali akihema. "Nesi, umenifilisi! Nimejenga jina langu kwa mtoto huyu, wewe umelikata kwa kamba! Kesho anarudi kwenye chipsi." Nikamwambia akimrudisha kwenye chipsi atamzika. Akasema nisimtajie kuzika. Nikasema nitataja. Tulipandishiana sauti mpaka wagonjwa wa wodi ya pili walikuja dirishani, mmoja na dripu yake. Nilikuwa na hasira, na zaidi ya hasira nilikuwa na woga, maana niliona kabisa kwamba jina lingeshinda moyo.

Aliyetuokoa ni Mama Saidi. Kesho yake alasiri nilipita dukani nikiwa nimejiandaa kwa vita, nikamkuta Saidi kwenye kiti chake kando ya mizani, mnene kuliko alivyowahi kuwa. Nikamkaribia, nikamgusa bega. Bega jembamba.

"Mama," akaninong'oneza, "usinitekenye. Ni mto."

Mama Saidi alikuwa ameufumua mto wa kitandani, akaushona upya kwa kipimo cha tumbo la zamani, na kamba za kufungia mgongoni. Sufi tupu. Asubuhi mtoto alitelemka bondeni na kiuno chake, jioni aliketi mizanini na tumbo la baba yake. Magunia yakarudi, na Baba Saidi hakuitaja tena chipsi. Shemeji wa ng'ambo akarudishwa Masasi bila hata asante. Nami nikanyamaza, maana kazi yangu ilikuwa moyo, na moyo ulikuwa unaendelea vizuri. Bibi Namkuna peke yake ndiye aliyelitazama lile tumbo sana. "Jipya hili," akasema. "La zamani lilikuwa linapumua."

Msimu ukakolea. Siku moja ya jua kali, Baba Saidi alikuwa akimfokea mtu aliyeleta korosho mbichi zilizoloweshwa maji ziongeze uzito. Katikati ya neno, neno likamponyoka. Mdomo ukaenda upande, akashika mizani, mizani haikumzuia, wakaanguka pamoja. Lori lilikuwa Masasi. Wakulima wakapiga kelele, kila mmoja akimwita mwenzake afanye kitu.

Saidi alifanya. Alimwinua baba yake, watu wawili wakasaidia, wakampakia kwenye keria ya baiskeli ya maji, akamfunga kwa kanga ya mama yake, akaanza kuisukuma kwa mbio kuelekea hospitali. Ile kupanda barabarani tu, kamba za mgongoni zikakatika. Tumbo likaanguka. Lilidunda, likapasuka mshono, sufi ikatanda juu ya korosho.

"Nnungu wangu!" mama mmoja akapiga ukunga. "Mtoto kadondosha tumbo!"

Saidi hakugeuka. Aliupanda mlima wa kwenda hospitali na baba yake mzito, yeye aliyekuwa akikaa kwenye jiwe katikati ya ule wa bondeni. Mimi nilikuwa mlangoni kwa hospitali, nikaona baiskeli inakuja na vumbi lake, nikajua ni nani kwa mwendo wa winga. Tulimpokea, daktari akawahi, presha ikadhibitiwa. Angekawia, daktari alisema, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Nilimwona Saidi ameegemea ukuta, anahema, nikamshika mkono nikausikiliza mshipa. Ulikuwa unakwenda mbio, lakini mbio safi. Nikalia pale pale koridoni, na sare yangu na yote.

Nikiwa bado najifuta, akaingia Bibi Namkuna, ameukumbatia mto uliopasuka, sufi mpaka kwenye nyusi.

"Nesi, tumbo la mtoto hili hapa. Mshoneeni kabla halijapoa."

Baba Saidi alizinduka jioni, mdomo umepinda kidogo, mkono wa kushoto mzito. Nilikuwa kando ya kitanda, na mto mapajani.

"Nani kanileta?"

"Saidi."

"Saidi yupi?"

"Mwanao."

Akafumba macho, akatikisa kichwa. "Yule hawezi kukimbia."

Nikauinua mto akauona. "Ni huyu ndiye hawezi, Baba Saidi. Mwanao anaweza."

Machozi yakamtoka upande ule mzima. Kisha akaunyoosha mkono mzima akaniomba kamba. Akataka kupimwa. Sikuwa na kamba ya kumfikia, nikamwambia hivyo, akacheka kwa nusu ya mdomo.

Kuhusu dhamana, msiwe na wasiwasi. Wakulima walilinda magunia mpaka lori likarudi, na wiki iliyofuata wakaja kupima kama kawaida, tena wengi zaidi. Bibi Namkuna ndiye aliyetoa hukumu. Alisema mtu mwenye mtoto wa kumbeba namna ile hana haja ya kukimbia, na akikimbia, mtoto atamfikia. Saidi akawa winga, hodari wa wastani, anayeanguka anguka. Baba yake aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwa ugali wa muhogo na manung'uniko, mpaka akampakata mjukuu.

Mjukuu huyo, Mwanahawa, sasa yuko sekondari. Juma lililopita Saidi, sasa mwenye biashara yake na mvi mbili tatu, alimleta hapa kwangu kutoka Masasi. Binti amekaa na simu na pakiti ya viazi vya kukaanga, na nilipomtazama kiunoni nikajua kwa nini ameletwa. Nikatoa kamba ya katani. Binti akarudi nyuma.

"Kwanza Mama ajipime," Saidi akamwambia mwanawe. "Ndiyo kawaida yake."

Nikasimama, nikanyoosha mgongo, Saidi akanishikia utosini, akakata. Nikaikunja, nikaizungusha, nikavuta huku, nikavuta kule. Tangu nistaafu nakula vizuri, na matembezi yangu ni kitandani hadi jikoni. Ncha zilisimama mbali, zinaangaliana.

"Kamba fupi hii," nikasema.

Saidi hakucheka. Alinitazama kama nilivyomtazama yeye siku ile darasani, na sauti ikamtoka taratibu. "Baba naye alisema hivyo hivyo, Mama."

Mwanahawa ameachwa kwangu likizo nzima, na ile mashine ya presha, ya zebaki, ipo mezani. Nawaandikia nikiwa nimeukalia mto wa tumbo la baba yake, niliushona upya mwenyewe. Maji siku hizi yanatoka bombani, siku yakipenda, lakini mteremko upo pale pale. Kesho alfajiri tunatelemka wawili, mimi na goti langu, yeye na simu yake, na nimemwambia atakayekaa kwenye jiwe la katikati asingoje kubebwa.